Mkunga Aliyesema Hana Goti

Nyinyi mnaobaki kwenye chumba cha mazoezi mmeniomba niandike, nami naandika kabla hamjabadili nia. Habari za vyeo msizitarajie. Nilianza nikiitwa "yule mama mkalimani" na nimemaliza nikiitwa Bi Goti, na kupanda kwangu ni huko tu. Mshahara nao tuuache, tusije tukalia bure. Nitawaambia nilivyoanza, vitu nilivyovishika, na mgonjwa mmoja ambaye nusura tumpoteze kwa neno moja.

Mimi ni wa Chula, kisiwa cha Wabajuni kusini mwa Somalia. Vita vilipotutoa visiwani mwaka wa tisini na moja, familia yetu iliishia kambini Kenya, na huko nikapata kazi kwa sababu ya ulimi. Kulikuwa na hema la kutibu viungo, na mwenye hema alikuwa Bi Nafula, Mkenya wa bara, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Yeye hakujua Kisomali wala Kibajuni, na wagonjwa wake hawakujua lingine. Nikawekwa katikati.

Siku ya kwanza hakunipa hata salamu ndefu. Aliniambia nikae kwenye mkeka, ninyoshe mguu na nilegeze paja. Akakishika kile kifupa cha mviringo kilicho mbele ya goti langu, akakisukuma kulia na kushoto. Nikapiga yowe. Miaka yote ile sikujua kwamba kitu kile kinatembea.

"Hii mnaiitaje?" akauliza.

"Pia," nikamwambia. "Kama ile pia ya watoto ya kuzungusha kwa kamba."

"Basi waliolitoa hilo jina walikuwa na akili. Inacheza. Ina mfereji wake kwenye mfupa wa paja, inapanda na kushuka humo kila unapokunja goti. Msuli wa paja unaivuta kwa juu, ukano unaishika kwa chini. Mmoja akizembea, pia inavutwa pembeni, na hapo ndipo mgonjwa anakuja kwako analia."

Kisha akaniambia neno ambalo nimelisema mpaka mmenichoka: goti ni mjumbe, na mjumbe hauawi. Watu wote wanampiga mjumbe. Wanalikanda goti, wanalifunga, wanalichoma kwa chuma cha moto, na aliyetuma ujumbe yuko juu nyongani anastarehe, au yuko chini kwenye unyayo uliolala. Anayeumwa mbele ya goti akishuka ngazi, akichuchumaa, au akiinuka baada ya kukaa sana, msimamishe kwa mguu mmoja na mtazame. Nyonga ikianguka na goti likikimbilia ndani, umeshampata mwenye barua. Tibu paja na nyonga, mjumbe ataacha kupiga kelele mwenyewe.

Bi Nafula alikuwa mkali. Ukimshika mgonjwa kabla ya kumtazama akitembea, alikupiga kibao cha mkono hadharani. Mimi nilipigwa sana, ndiyo maana nanyi mmepona. Niliona vibao vile vimetosha kwa vizazi viwili.

Vifaa vyetu mnavijua, maana hata leo havijabadilika sana. Tyubu ya gurudumu la pikipiki iliyokatwa vipande kuwa mpira wa kuvutia mguu. Mfuko wa mchanga wa kufunga kifundoni. Kanga iliyokunjwa na kuwekwa chini ya goti ili mgonjwa aibonyeze kwa kukaza paja. Rula ya plastiki yenye mikono miwili ya kupimia mkunjo. Wafadhili walituletea mara moja mashine ya maana sana iliyotaka umeme usiokatika. Tuliitumia kuanikia taulo, na kwa kazi hiyo haikuwahi kuharibika.

Mji wa Kismayo, jirani na visiwa vyetu, ulipotulia kiasi cha mtu kurudi, nilirudi na ufundi wa Bi Nafula. Hospitali ilinipa chumba kilichokuwa stoo ya magunia na siku moja ya wiki ambayo hakuna aliyeitaka, Jumatatu. Nikaifanya siku ya magoti. Mgonjwa wangu wa kwanza wa kudumu alikuwa Fundi Kombo, mjenzi wa mashua, mzee wetu wa visiwani aliyehamia mjini. Alikuja na uvimbe laini mbele ya pia, umejaa kama embe bivu, na juu yake makovu matatu ya kuchomwa. Kazi yake yote ni ya kupiga magoti: kugonga misumari, kusokomeza pamba kwenye nyufa za mbao. Kile kifuko kidogo cha maji kilicho mbele ya pia kilikuwa kimechoka kusagwa.

Nikamwambia apumzike kupiga magoti. Akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, msumari uko chini. Nikikaa kitini nitagonga nini?"

Hapo nilijifunza kuwa dawa isiyoingia kazini mwa mtu si dawa, ni maneno. Nikamshonea vitako viwili vya kuwekea magoti, nje gunia, ndani makumbi ya nazi yaliyopigwa yakalainika. Nikamwambia abadilishe goti kila akimaliza ubao mmoja, na akiona pamekuwa pekundu na moto na homa juu, asije kwangu, aende kwa daktari mbio. Uvimbe ulinywea. Vile vitako aliviita "wake zangu wadogo", na mkewe mkubwa hakupenda hata kidogo.

Na hapa nirudie, ingawa mmesikia: kuna magoti si ya kwetu. Mtu aliyeanguka akashindwa kunyanyua mguu ulionyooka, pia yake huenda imevunjika au ukano umekatika. Huyo ni wa picha na wa daktari. Goti lenye joto na homa ni la daktari. Goti lililokwama lisikunjuke, la daktari. Ushujaa wa kulikanda goti kama hilo muwaachie wanaochoma kwa chuma.

Sasa nije kwa Mwanaesha.

Mwanaesha ni mkunga wa visiwani. Amezaliwa kisiwa cha Ngumi, amesomea ukunga Mombasa, akarudi nyumbani wakati ndugu zake wote walikuwa wanatafuta njia ya kutoka. Ngumi, Chula, mpaka Burgao, mwanamke akishikwa na uchungu ni yeye anayeitwa, na haendi kwa miguu, anachukuliwa kwa mashua ya injini. Kule hakuna gati. Mashua inasogea mpaka maji ya mapaja, abiria anavuka ubavu wake na kushuka.

Pia yake ya kulia ilikuwa inachomoka. Ilianza alipoteleza ufukweni, ikahama ikakaa ubavuni mwa goti, ikarudi yenyewe. Tangu hapo ikapata njia, na kitu kikishapata njia hakiombi ruhusa. Mara ya mwisho ilichomoka Chula wakati anashuka majini. Walimbeba mpaka ndani kwa mzazi, akazalisha akiwa ameketi sakafuni, mguu umenyoshwa. Wagonjwa wawili chumba kimoja, na aliyeketi chini ndiye anayetoa amri. Mtoto alitoka salama. Lakini kaka yake aliye Mombasa alipopata habari alipiga simu: acha kazi hiyo, njoo ukae huku, siku moja itachomoka kwenye maji ya shingo na hatutakuona tena. Mwanaesha akampa jibu moja. Angekuja Kismayo kutibiwa. Akitibika anaendelea, asipotibika atamfuata Mombasa. Na nyuma yake kulikuwa na wanawake wenye mimba ambao hakuna mwingine wa kuwafikia.

Haya yote niliyajua baadaye. Jumatatu ile nilichokiona ni mgongo wa mwanamke anachechemea kutoka langoni, na Abdi, karani wetu wa mapokezi, kijana mzuri mwenye adabu, ameshika kalamu hajui afanye nini.

"Nani yule?" nikamuuliza.

"Hooyo, mama, mimi sijui nimekosa nini. Nimemuuliza swali moja tu. Jilibkee? Akasema hana. Nikacheka, nikamwambia sasa umekuja kufanya nini? Akaondoka."

Nikaelewa. Msiotoka kwetu mtaniwia radhi nieleze. Kwa Kisomali, jilib ni goti. Lakini jilib vilevile ni ukoo, lile tawi la nasaba ambalo mtu anasimama nyuma yako siku ya shida. Abdi, siku ya magoti, mbele ya foleni ya magoti, aliuliza goti lipi, la kulia au la kushoto. Mwanaesha aliisikia ile Jilibkee ya barabarani, ya vizuizi, ya watu wenye bunduki waliomsimamisha baba yake alipokuwa anakimbia vita: ukoo upi? Na jibu la Mbajuni kwa swali hilo lilikuwa moja siku zote. Sina jilib, mimi Mbajuni. Siku hizo jibu hilo liliwapotezea watu nyumba na roho.

Kwa hiyo mkunga wetu alisema hana goti, na karani wetu akacheka.

Nilitoka nikamfuata. Nilikasirika, sitaficha, na sikujua nimkasirikie nani, kwa kuwa hakuna aliyekosea. Nilimfikia kwenye ufukwe wanakopakia mashua, tayari ameshika ubavu wa mashua ya kurudi, mguu mmoja ndani, mmoja majini. Nikamwita. Akageuka kwa ghafla, unyayo wa kulia umekita mchangani, mwili umezunguka juu yake, na nikasikia ile sauti ambayo ukiisikia mara moja huisahau. Pia imetoka.

Hapa muangalie vizuri, maana siku moja mtakuwa peke yenu. Hatukuivuta. Hatukuipiga. Tulimweka mchangani, nikamwambia alegee aniegemee, kisha nikaanza kuunyosha mguu wake polepole, polepole, kidole gumba changu kimeegemea tu pembeni ya pia. Goti lilipokaribia kunyooka, ikateleza ikarudi mahali pake. Akatoa pumzi, akaanza kulia, na si kwa maumivu.

"Nasema sina jilib, nachekwa?" akasema kwa Kibajuni chetu, ambamo sitaki tena ni "sichaki chena". "Kila mahali ni jilib, jilib. Hata hospitali! Mi sichaki chena. Mchu akiumwa aulizwa ukoo?"

"Mwanangu, yule mtoto amekuuliza goti. Goti! La kulia au la kushoto."

Akaangalia nyuma kuelekea hospitali. Kisha akalitazama goti lake, limevimba upya, akalishika kwa mikono miwili. "Ndo hili?" akauliza.

"Ndilo hilo."

Alicheka mpaka nahodha akaja kuuliza kama mgonjwa ameingiwa na pepo. Nami nikacheka, lakini moyo wangu ulikuwa unauma. Watu gani hawa, ambao neno la mganga na neno la mwenye bunduki kwao ni sauti moja?

Tangu siku hiyo pale mapokezi hakuna anayeuliza goti kwa Kisomali. Mgonjwa anaambiwa aguse panapouma. Nyinyi mliodhani ni ushamba wangu, sasa mmejua.

Daktari alimpiga picha, akaona mfupa mzima, akasema kuna upasuaji wa kukaza kano lakini Kismayo haufanyiki. Tujaribu kwanza mazoezi, na bora tuyafanye kweli. Mwanaesha akahamia kwa shangazi yake mjini. Siku za mwanzo, uvimbe ukiwa bado, tulimfunga tegemeo la kitambaa kigumu. Hatukumwacha alale nalo wiki nenda wiki rudi. Paja lisilofanya kazi linasinyaa haraka, na pia isiyo na paja ni mtoto asiye na mlezi. Alianza kwa kubonyeza kanga iliyokunjwa. Akaja kunyanyua mguu ulionyooka, kisha kwa mfuko wa mchanga. Kisha nyonga: kulala ubavu, tyubu ya pikipiki mapajani, fungua, funga. Kisha kidato cha mbao, kupanda na kushuka, mbele ya kioo, nami nikimwimbia wimbo wangu ule ule: goti lifuate kidole cha pili cha mguu, lisikimbilie ndani.

Hakuwa mgonjwa mwepesi. Wakunga wamezoea kuamrisha watu wasukume, hawajazoea kuamrishwa. Alinibishia kila zoezi, kisha alilifanya kuliko nilivyomwambia, na nililazimika kumkataza. Simu kutoka Ngumi zilikuwa zinaingia katikati ya mazoezi. Alikuwa anaelekeza wanawake huku mguu uko hewani. Mwanamke mmoja, Zuhura, alikuwa na mimba ya kwanza na alikuwa anampigia kila siku. "Utakuya?" yaani utakuja, ndiyo salamu yake. Mwanaesha alikuwa anamjibu, "Nakuya," na akikata simu ananitazama mimi.

Paja likarudi. Kidato akakimaliza. Lakini kidato si mashua, nami nililijua hilo tangu kwa Fundi Kombo na msumari wake. Nikaenda kwake kumwomba kipande cha mashua. Alituletea nusu nzima ya mashua kuukuu, ubavu na mbavu zake, tukaisimamisha uani nyuma ya jiko la hospitali juu ya mchanga wa kumwaga. Mkurugenzi aliuliza kama tunatarajia mafuriko. Nyinyi wenyewe mlicheka. Mimi sikujali.

Mwanaesha alivuka ubavu ule mikono mitupu mara nyingi bila tatizo. Nikamwambia, sasa shuka kama unavyoshuka Chula. Akaenda ndani, akarudi na mkoba wake wa kazi, ule wa ngozi ulio mzito, akautundika bega la kulia. Akakita mguu wa kulia mchangani, mkoba ukayumba, mwili ukaufuata mkoba, goti likabaki nyuma. Nilimdaka kabla pia haijahama.

Ndipo nikaona. Muda wote tulikuwa tunafundisha goti, na aliyetuma barua alikuwa mkoba.

"Kwa nini humpi mtu akushikie mpaka ushuke?"

Alinitazama kana kwamba nimesahau kwetu. "Bi Goti, mashuani wamo wanaume tupu. Mkoba wa mkunga, mwanamume aushika? Una siri za wake zao ule."

Kweli nilikuwa nimesahau. Visiwani mwanamume hata akiukuta njiani anauzunguka. Kumwambia aache desturi hiyo ni sawa na kumwambia Fundi Kombo akae kitini. Basi mkoba usiguswe, lakini usikae begani pia. Nikavua kanga yangu ya juu, nikaufunga mkoba mgongoni kwake kwa mbeleko, kama anavyobebwa mtoto, fundo kifuani, uzito katikati. Akapanda. Akaugeukia ubavu wa mashua, mikono miwili huru kushika, akateremka uso kwa mbao, akasimama kwa miguu yote miwili kwanza, ndipo akageuka, kwa hatua ndogondogo bila kuzungushia mwili kwenye unyayo. Fundi Kombo aliyekuja kudai mbao zake alipiga makofi. Mwanaesha akarudia. Akarudia mpaka wapishi wakatoka jikoni kuangalia.

Alipoondoka kwenda Ngumi nilikwenda naye. Ilikuwa juma langu la mwisho kazini, na nilisema nakwenda kukagua tegemeo la goti. Kila mtu alijua ni uongo. Nilitaka kuona. Zuhura alikuwa ameshaanza uchungu tulipofika. Bahari ilikuwa na mawimbi mafupi ya hovyo, yale yanayokuja mawili kwa pamoja. Mwanaesha akafunga mbeleko, akashika ubavu, akangoja wimbi lipite, akashuka. Maji yalimfika mapajani. Alisimama kwa miguu miwili. Aligeuka kidogo kidogo. Kisha akatembea kwenda ufukweni hakutazama nyuma, nami nikabaki mashuani nimejishika mdomo. Kabla ya swala ya alasiri Zuhura alikuwa na mtoto wa kike, na mkunga wake alikuwa amesimama wima.

Tuliporudi Kismayo, Mwanaesha akinisindikiza, askari wa ufukweni, mgeni kwetu, alisogea kukagua abiria. Alimwona Mwanaesha amevuka ubavu wa mashua, kitambaa cha tegemeo kimeonekana pindo la nguo lilipopanda. Akamuuliza kwa sauti kavu:

"Jilibkee?"

Mimi nilikuwa bado juu, nimeshika ubavu wa mashua. Sikujua anauliza lipi. Mpaka leo sijui.

Mwanaesha, maji yakiwa mapajani, alimtazama usoni. Akapiga goti la kulia kwa kiganja, akapiga la kushoto.

"Jilib ninazo mbili," akamwambia. "Na zote zafanya kazi."

Askari akatabasamu, akatupungia tupite. Mwanaesha alikuwa tayari ameshanigeukia, maana mimi bado nilikuwa juu ya mashua. Magoti yangu yamefundisha ya watu, yenyewe hayajapata mwalimu. Akaninyoshea mikono yote miwili, mkoba mgongoni.

"Shuka, Bi Goti," akasema. "Mi nimekushika. Goti lifuate kidole."